Mama Mkwe Ndani ya Datsun

Asekenye alikuwa amechoshwa na Wajapani kabla hajamwona hata Mjapani mmoja. Alichoshwa nao asubuhi akikoka moto, akachoshwa nao mchana akipalilia pamba, na jioni, wakati majirani zake pale Molo, karibu na Tororo upande wa Uganda, wanaota moto na kusengenyana kwa raha zao, yeye aliketi akimenya karanga na kusikiliza, kwa mara nyingine tena, jinsi Datsun ilivyozaliwa.

"Walikuwa mabwana watatu," mumewe Elungat angeanza, akiinua vidole vitatu kana kwamba mkewe hajui kuhesabu. "Den, Aoyama na Takeuchi. Hao ndio waliosimama nyuma ya mwenye kiwanda mpaka gari likatoka. Basi yeye akachukua herufi ya kwanza ya kila jina, D, A na T, akaliita gari hivyo. Mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na nne, mimi na wewe hatujazaliwa! Na kwao huko neno hilo linamaanisha sungura anayetimua mbio."

"Sungura," Asekenye angesema. "Nimesikia, Baba Egau. Na juzi alikuwa sungura vilevile."

Wapi! Mtu hasikii. Angeendelea: yule sungura akapata mtoto, kigari kidogo, ndicho kikaitwa Datsun, kampuni ya Nissan ikakichukua ikakilea, kisha, hop, hadithi inaruka na kutua kwenye mbio za magari za Safari. Wajapani walikuja mara ya kwanza mwaka wa sitini na tatu, njia zetu zikawashinda, wakarudi kwao kimya kimya. Hawakukasirika, hawakutukana barabara ya mtu. Walikwenda wakafikiri, wakakaza hapa, wakaimarisha pale, wakarudi. Na mwaka wa sitini na sita, mwaka ule wa matope, magari mengi yalilala njiani, yakamaliza machache ya kuhesabika, na Datsun mbili zikiwemo. Hapo Elungat hupiga goti lake kofi na kumtazama mkewe, akingoja ashangae.

Asekenye hakushangaa. Kilichomkera zaidi ni pale hadithi ilipokuwa ikiruka. Mumewe alitoka kwenye kigari cha miaka ya thelathini akaingia moja kwa moja kwenye Safari, kana kwamba katikati hapo Wajapani walikuwa wamelala usingizi. Hawakulala. Baba yake Asekenye, Imalingat, alichukuliwa wakati wa vita kwenye jeshi la Keya, la Waingereza, akapelekwa Burma kupigana na haohao, na huko akabaki. Asekenye alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake, Among, alimlea peke yake kwa jembe, nje kidogo ya Busia, upande wa Kenya, na hakuolewa tena. Elungat aliyajua hayo yote, maana ng'ombe wa mahari walitoka Molo wakavuka mpaka kwenda kwa Among huyohuyo. Basi kwa nini aruke? Asekenye aliona ni woga tu. Mtu mzima, amependa gari mpaka anaogopa kulitaja kosa la wenye kulitengeneza.

Na mapenzi yenyewe yalianza vibaya. Pasaka ile ya matope Elungat aliaga kwamba anatangulia kanisani. Alikwenda kusimama barabarani karibu na Tororo, akiwa na suti yake ya pekee, kungoja magari ya Safari. Alirudi jioni amepakwa tope toka kofia mpaka soksi, macho tu ndiyo yanaonekana, anacheka kama aliyerukwa na akili. "Mama Egau, nimekiona! Kigari kidogo hivi! Kimetoka kwenye shimo ambalo trekta lingelia!" Asekenye aliifua suti ile mara nyingi, wala haikurudi kuwa suti.

Mwaka uliofuata akauza mafahali wake wote, hata yule ambaye Asekenye alikuwa amemkusudia kwa ajili ya mabati ya nyumba, akaenda Kampala, akarudi na pikapu ya Datsun. Muuzaji wa kule ndiye aliyemjaza zile habari za mabwana watatu, na Asekenye aliomba Mungu siku moja akutane naye.

Watu walicheka, na hapo kwa kweli Asekenye alikuwa upande wa wanaocheka. Nani asiyejua vitu vya Japani? Kabla ya vita wazee walinunua nguo za Japani madukani. Ukifua mara ya kwanza, maji yote yanakuwa mekundu na mkononi unabaki na kitambaa cha kuchujia chai. Phanuel, mwenye duka pale Busia, mtu mwenye Peugeot na tumbo la kuifaa, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote.

"Elungat!" alipiga kelele siku Datsun ilipofika mara ya kwanza mbele ya duka lake. "Hiyo gari yako, wewe naosha na maji moto ama baridi? Angalia isichuje!"

Barabara nzima ikacheka. Elungat akatoka, akafuta boneti kwa kitambaa, akaanza, "Phanuel, walikuwa mabwana watatu..."

Kuosha ndiko kulikokuwa balaa. Datsun ilioga kila siku, kwa maji ambayo Asekenye aliyabeba kichwani kutoka kisimani. Tena ilikuwa na masharti kuliko mkwe. Usile karanga ndani. Pangusa miguu. Usifunge mlango kwa hasira. Kuku haingii kabisa, hata akiwa amefungwa, hata akiwa wa padri. Na usukani haushikwi na mkono mwingine chini ya jua hili. Kama kuna jambo alilolirudia kuliko habari za mabwana watatu, ni namna ya kuendesha, ambayo alimfafanulia mkewe kila walipopanda pamoja, kwa sauti ya mhubiri, bila kumruhusu kugusa chochote.

"Unaona, klachi unaikanyaga mpaka chini. Sasa gia. Sasa unaiachia polepole, kama unamlaza mtoto ambaye ameshasinzia. Ukimtupa, ataamka. Na ukiwa kwenye tope usisimame. Hata Yesu akikupungia mkono, usisimame!"

"Sasa unanifundisha ya nini kama sitashika?" Asekenye aliuliza siku moja.

"Ujue mumeo anafanya kazi gani."

Haya basi. Hayo yalikuwa ya kuudhi, lakini yalivumilika. Jambo ambalo halikuvumilika lilikuwa macho ya mama yake.

Among alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu ulianza taratibu, ukafunga. Mjukuu wake wa mwisho alimjua kwa kumpapasa uso tu. Alipalilia kwa kugusa, akang'oa wimbi akiacha magugu, majirani wakawa wanarudi nyuma yake kupanda upya bila kumwambia. Mwezi wa nne, mwaka wa sitini na nane, ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja Tororo, watapasua watu wenye shida hiyo kwa wiki moja, Ijumaa wanapokea wa mwisho, kisha wanaondoka. Lini watarudi, hakuna aliyejua.

Asekenye alipanda basi siku hiyohiyo kwenda Busia kumwambia mama yake.

"Nitakuja," Among alisema. "Kwa basi. Kama mtu mwenye heshima zake."

"Baba Egau atakufuata na gari, Mama."

"Gari la nani?"

Asekenye alijua swali lile lilikuwa na meno mawili. Kwanza, kwa Wateso mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hawali pamoja, hawaketi pamoja, hawatajani majina. Sasa uwaweke kwenye kijumba cha bati, bega kwa bega, toka Busia mpaka Tororo? Among afadhali afe na ukungu wake. Pili, gari lile lilitengenezwa na watu waliompiga risasi mume wake. Hilo Among hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyosema hali nyama ya mnyama fulani.

Basi ikabaki basi. Na mvua ikanyesha.

Jamani, mvua ile! Ilinyesha kana kwamba kuna aliyeikosea. Jumatano Asekenye alikwenda sokoni Tororo akaambiwa basi la Busia halitoki, njia imekuwa uji. Akatuma neno kwa Phanuel: tafadhali, wewe na Peugeot yako, mama yangu mzee. Jibu likaja kwamba Phanuel amekwenda msibani Ugenya. Alipomweleza mumewe kwamba ameomba kwa Phanuel, Elungat akaruka.

"Mama mkwe wangu abebwe na Phanuel? Na Datsun imesimama hapa? Watu watasema nini?"

"Watasema mama amepona macho! Haya, mwite Rasto basi aendeshe yeye. Yeye si mkwe wa mtu pale."

Rasto alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu makini, mikono yake imeshika usukani tangu ujana. Alikuja Alhamisi asubuhi. Elungat alimpa ufunguo kama anayetoa figo, akaketi pembeni yake, wakazunguka uwanja. Walizunguka mara moja tu. "Polepole! Klachi! Unamwamsha mtoto! Hilo ni tuta, huoni tuta?" Rasto akasimamisha gari katikati ya uwanja, akatoka, akautia ufunguo mkononi mwa Asekenye, si mwa mwenye gari, akasema, "Shemeji, pole sana," akaenda zake.

Asekenye alisimama na ufunguo ule akimtazama mumewe. Alitaka kulia. Mmoja hataki kupanda na mkwe, mwingine hataki mtu ashike usukani, na katikati yao kuna macho mawili yanayozima. Watu wawili wakaidi namna hii, na wote Mungu amempa yeye.

Ijumaa alfajiri walikwenda Busia hivyohivyo, bila mpango wowote. Tope lilikuwa baya, lakini Datsun ilipita. Ikayumba, ikateleza, ikapita. Elungat hakukosa kusema, "Unaona?" Asekenye hakukosa kutomjibu. Askari wa mpakani aliwapungia tu mkono kutoka kibandani kwake, maana nani atatoka kwenye mvua ile kuuliza maswali?

Kwa adabu Elungat alisimamisha gari mbali na boma, akashuka, akajificha nyuma ya ua wa michongoma, akageuza mgongo. Among alikuwa ameketi kibarazani amevaa nguo zake za kanisani, anangoja basi ambalo haliji. Kutoka kibarazani hadi kwenye michongoma hapakuwa mbali. Mtu angeweza kurusha gunzi la muhindi likafika. Lakini mkwe na mama mkwe hawasemezani hivihivi, basi Asekenye akawa anakwenda na kurudi, kanga yake inaburuta kwenye tope, amebeba maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia.

"Mwambie baba wa watoto wako ahsante," Among alisema. "Lakini siwezi."

"Mwambie Mama," sauti ikatoka michongomani kabla Asekenye hajapiga hatua, "yeye haoni! Kama haoni, hatanitazama. Sasa kosa liko wapi?"

"Mwambie mimi ndiye sioni. Yeye ana macho."

"Mwambie nitaangalia barabara!"

"Mmesikilizana!" Asekenye alipiga kelele. "Mnasikilizana wenyewe! Mimi ni wa nini hapa?"

"Hatujasikilizana," mama yake akajibu kwa utulivu. Na michongomani mtu akakohoa kukubali.

Kisha Among akasema lile la pili. "Na hata kama ningepanda na dereva mwingine. Watu wa gari hilo walimchukua baba yako. Nikalie kiti chao?"

Elungat, ambaye hajawahi kukosa neno la kuitetea Datsun, safari hii hakuwa na lolote.

Asekenye akaona jua linapanda nyuma ya mawingu. Kitu kikakatika ndani yake. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, na sauti aliyoitoa haikuwa ya heshima hata kidogo.

"Mama, sikiliza. Nimechoka. Nimechoka na wewe, nimechoka na huyo michongomani, nimechoka na Wajapani. Baba simjui. Sina hata sura yake kichwani. Nina wewe. Leo ni Ijumaa, jioni wale madaktari wanafunga mlango. Unataka kuniona uso tena au hutaki? Sema hutaki, nirudi nyumbani kupalilia pamba."

Among akamgusa binti yake shavuni kama alivyowagusa wajukuu.

"Nitakaa nyuma, kwenye bodi ya mizigo," alisema. "Nitatazama tulikotoka. Weka mkeka katikati. Na Phanuel aliniambia magari yana kioo ndani, dereva anaona walioko nyuma. Kioo hicho kitoke."

Kioo! Asekenye alifumba macho. Kioo kile kilifutwa kila asubuhi kwa kitambaa chake chenyewe, ole wake atakayekitia kidole. Lakini alipogeuka, Elungat alikuwa ameshaingia ndani ya gari na spana. Alikifungua, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Ikawa mara ya kwanza kwa miezi mingi Asekenye kumtazama mumewe bila kuudhika.

Haikudumu. Walifunga mkeka nyuma ya dirisha la kijumba, Among na Asekenye wakaketi kwenye bodi chini ya turubai, migongo yao kwa dereva, na safari ikaanza. Mvua ikarudi. Kila waliporuka shimo sauti ilitoka mbele, "Mwambie Mama samahani!" na Among akajibu, "Mwambie aangalie njia!" na Asekenye, maji yanamwingia shingoni, hakumwambia mtu yeyote kitu chochote.

Karibu na nusu ya njia kuna bonde lenye kinamasi. Kwenda, ukingo wake mkali waliuteremka. Kurudi ilikuwa kupanda. Datsun ikapanda, ikapanda, ikafika katikati, na hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yanarusha tope kwenye turubai. Elungat alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Akazima. Kukawa kimya, isipokuwa vyura.

Alishuka, akazunguka kwa mbali, uso ameugeuzia kinamasi. "Mama Egau. Inataka kusukumwa."

Asekenye akashuka akasukuma. Alisukuma mpaka akaona nyota, gari likacheka tu. Among naye akasema atashuka asukume. Mzee, haoni, nguo za kanisani. Wote wawili wakamkataza kwa pamoja, Asekenye moja kwa moja, Elungat kupitia kwa mkewe.

Hapo ndipo Asekenye akaliona jambo lote, na likamchekesha kwa uchungu. Mwenye nguvu ya kusukuma ni Elungat. Lakini nyuma ya gari ameketi mama mkwe. Asukume vipi, pua kwa pua naye? Basi Among lazima ahamie mbele. Na mbele akikaa Among, na nyuma yuko Elungat, usukani nani?

Elungat alikuwa ameshafika hapo kabla yake. Ulikuwa unaonekana mgongoni kwake, mabega yameshuka. Alisimama akilitazama lile bonde, mvua inamtiririka ukingoni mwa kofia, na Asekenye akajua anapima. Upande mmoja kuna Datsun yake. Upande wa pili kuna mlango unaofungwa jioni.

"Unaijua klachi," alisema hatimaye. Halikuwa swali.

"Naijua mpaka naiota, Baba Egau. Nimeimbiwa mwaka mzima."

"Mpandishe Mama mbele," alisema. "Na asipanguse miguu. Si lazima."

Akaenda mbali, akageuza uso mpaka Among alipoketi. Asekenye aliingia nyuma ya usukani, akawasha. Kutoka nyuma, tope mpaka mapajani, mumewe akapaza sauti: "Klachi chini! Gia ya kwanza! Sasa mafuta kidogo! Kidogo nimesema!"

Akaachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Datsun ikatetemeka. Elungat akaguna kwa nyuma, guno refu la fahali. Magurudumu yakauma kitu kigumu, na gari likaondoka.

Likaondoka! Likapanda, likafika juu ya bonde, na nyuma Asekenye akasikia vifijo vya mumewe. Kisha akasikia vifijo vinageuka. "Simama! Mama Egau, simama nije!" Lakini mbele yake njia ilikuwa tope tupu, uji mtupu, hakuna pakavu hata pa kusimamisha kikapu. Na kwenye tope husimami. Hata Yesu akikupungia mkono. Nani alimwambia hivyo?

Hakusimama.

"Anaita," Among alisema.

"Nasikia, Mama."

"Tunamwacha?"

"Tukisimama hapa hatuondoki tena. Ana miguu."

Sauti nyuma yao ikawa ndogo, mara ya mwisho ikasikika ikisema, "Giaa! Badilisha giaa!" kisha ikawa mvua tu. Asekenye hakubadilisha. Hiyo aliyonayo ilikuwa inakwenda, na inayokwenda haichokozwi. Gari lililia kwa sauti nyembamba, akaliacha lilie. Jasho lilimchuruzika pamoja na mvua. Kila aliposikia magurudumu ya nyuma yanateleza alifanya kama zilivyomwagiza zile hotuba zote za mumewe, na kila mara hotuba zilikuwa kweli, jambo ambalo lilimkera kupita kiasi.

Among alikuwa akipapasa vilivyo mbele yake. Aligusa dirisha, akagusa kiti, akaweka kiganja kwenye bati pale linapotetemeka kwa injini, akakiacha hapo.

"Kavu humu," alisema.

Hakusema lingine mpaka Tororo. Uwanjani kwa hospitali Asekenye alikanyaga breki akasahau klachi. Datsun ikaruka kama yule sungura wao, ikazima mbele ya mlango. Watu wa foleni wakakimbia. Foleni ilikuwa bado ipo. Mlango ulikuwa bado wazi.

Elungat aliingia uwanjani jua likitua, kwa miguu, rangi yake ni ya barabara. Asekenye alikuwa ameketi barazani amejiandaa kwa vita, ana majibu yake yote mdomoni. Elungat alilizunguka gari mara moja, akagusa tairi. Kisha akaja akasimama mbele yake.

"Amepokewa?"

"Amepokewa. Walimpasua alasiri."

Akashuka chini akaketi sakafuni pale, tope lote lile, akainamisha kichwa. "Ulikuja na gia gani?" akauliza bila kuinua uso.

"Ya kwanza."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Elungat alijishika kichwa kwa mikono miwili akatoa sauti ambayo hata msibani haisikiki.

Siku walipomfungua Among bandeji na kumvika miwani minene kama vizibo vya chupa, Asekenye ndiye aliyekuwa mbele yake. Mama yake alimtazama. Alitazama sana, akaanzia paji la uso akashuka mpaka kidevuni.

"Umezeeka," alisema.

"Macho yamepona, Mama," Asekenye akajibu, na wakalia wote wawili, wakishikana, wala hakuna aliyejali wauguzi.

Elungat hakungoja kuambiwa. Walipotoka nje walimkuta ameshapanda kwenye bodi, amevaa kofia, ametazama nyuma, mkeka umefungwa. Ufunguo ulikuwa umewekwa kwenye kiti cha dereva. Among alisimama akiikagua Datsun kwa mara ya kwanza, toka taa za mbele mpaka nyuma, akapita kimya pembeni ya mgongo wa mkwe wake bila kumtazama.

"Kagari kadogo hivi!" alisema. Akapanda, akajifunga kanga vizuri. Njia ilikuwa imekauka, na Asekenye akabadilisha gia, kwa sababu amechoka kukumbushwa na mumewe kwa kugongewa bati kutoka nyuma. Walikuwa karibu na lile bonde wakati Among aliposema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya mkeka:

"Baba yako hawakumrudisha. Lakini mimi wamenifikisha."

Nyuma, kugonga bati kukakoma.

Busia, mbele ya duka, Phanuel alikuwa amerudi kutoka Ugenya, na alipoona nani yuko wapi, alitoka nje na tumbo lake lote.

"Elungat! Mama ndio naendesha? Na wewe nakaa nyuma kama mbuzi ya soko?"

Watu wakakusanyika. Elungat akasimama juu ya bodi, akajipangusa, na Asekenye, mkono kwenye usukani, akashusha pumzi. Aliyajua yanayokuja. "Walikuwa mabwana watatu," mumewe akaanza, na vidole vikaenda juu. Sungura akaja. Kigari cha miaka ya thelathini kikaja. Asekenye akangoja hadithi iruke.

Haikuruka. Elungat alisita, akavua kofia. Mama mkwe wake alikuwa ndani ya gari, mkeka uko katikati, na jina la mume wake si la kutajwa ovyo na mkwe. "Kisha ikaja vita," alisema. "Viwanda vyao vikafanya kazi ya vita. Huko Burma akabaki askari mmoja wa Keya, mtu wa hapahapa, ambaye ningempa mkono leo na kumwita Baba. Nilikuwa naruka hapo. Sikujua niseme nini, na nyumbani kwangu nina binti yake." Phanuel naye akavua kofia yake, na ndani Among aligeuza uso dirishani, miwani ikaingia ukungu.

Asekenye hakujua atie wapi macho yake. Mwaka mzima alikuwa amemhesabia mtu woga.

Elungat akavaa kofia, akakohoa, akaendelea: Safari, matope, na sasa, kwa mara ya kwanza, bonde lile la kinamasi na mama mkwe aliyehamia mbele. Kidogo kidogo sauti ikampanda. "Mimi nikasukuma! Na dereva ni huyu, mke wangu, Asekenye, binti wa Busia! Akaitoa Datsun kwenye tope, na akapanda nayo mpaka Tororo kwa gia ya pili..."

Asekenye akatoa kichwa dirishani.

"Ya kwanza, Baba Egau," alisema. "Kama unasimulia, simulia yote."